Siku ya Sita ya Nusu ya Giza

Jumapili, 4 Februari

Mdogo wangu Kinyozi,

Nakusalimu nikiwa mzima. Miguu ndiyo inayolalamika, na kwa kazi ninayoipa ina haki yake. Wewe hujambo? Wifi yangu hajambo? Na binti yenu amejifungua au bado? Mwambie shangazi yake anauliza. Nijulishe upesi, maana mimi huku ng'ambo habari za nyumbani nazipata zikiwa zimeshapoa.

Niko palepale, chumba kilekile cha ghorofa ya pili, dirisha linatazama ukuta wa jengo la jirani. Kiwandani wameniongezea mashine. Nilikuwa nasimamia mbili za kufuma, sasa nne. Uzi ukikatika huku, na kule umekatika, nami nakimbia katikati kama kuku aliyeibiwa vifaranga. Jioni nikirudi sina wa kumsimulia. Tangu shemeji yako afariki nilidhani nimeshazoea, mpaka mama naye alipoondoka.

Kalenda ya mwaka huu uliyonitumia imefika, ile ya Kihindu kama ya mama, ina makunyanzi kunishinda. Nimeibandika juu ya meza. Kila kisanduku kimejazwa maneno madogo, na mimi ninachokijua ni ile namba kubwa ya tarehe tu. Mama alikuwa akiyasoma kila asubuhi kabla hajabandika chai, mambo matano, kwa sauti moja, na sisi tunagombania sabuni. Hatukusikiliza hata moja.

Nataka unifundishe. Sitafuti ualimu. Mwezi wa kumi mama anatimiza mwaka, na siku hiyo nataka nifunge kula, niwashe taa, nikae naye. Nimeshaomba ruhusa kazini, tarehe ishirini Oktoba, ile aliyofariki. Na wewe utawasha, sivyo? Alipofariki nilikuwa peke yangu na telegramu mkononi, nimeketi kitandani na viatu. Safari hii nataka nijue kwamba siku niliyokaa mimi, na wewe umekaa. Sina ombi jingine.

Usinipigie simu kwa jirani wa chini. Ile simu ni mbovu. Andika.

Dada yako, anayezikumbuka hata kelele zako


Jumanne, 13 Machi

Dada Mkubwa, shikamoo.

Sisi hatujambo. Binti amejifungua, mtoto wa kiume, amekuja na nywele kama mteja aliyenikimbia miezi mitatu. Wifi yako anakusalimu sana. Mguu wangu wa kushoto umevimba kwa kusimama, lakini kinyozi anayefanya kazi amekaa bado hajazaliwa.

Nakuandikia Jumanne kwa sababu Jumanne duka halina mtu, na hilo ndilo somo lako la kwanza. Cha kwanza katika vile vitano ni siku ya juma. Kila siku ina bwana wake mbinguni: Jumapili ni ya jua, Jumatatu ya mwezi, Jumanne ya Mirihi, na kuendelea mpaka Zohali mwenye Jumamosi. Mirihi ni mkali, na watu wetu hawataki wembe siku yake. Mimi kalenda nilianza kuisoma kwenye kiti kitupu. Na siku inaanza jua linapochomoza, si usiku wa manane. Hili lisikushinde, sisi ambao saa moja yetu ni ya asubuhi jua likiwa limetoka.

Cha pili ni tithi, yaani siku ya mwezi, na hapa ndipo penye kazi. Mwezi unalikimbia jua kidogo kidogo, na kila ukipiga hatua moja, tithi moja imepita. Ziko kumi na tano za nusu ya mwangaza, mwezi ukikua, na kumi na tano za nusu ya giza, ukipungua. Tatizo ni kwamba mwezi haukimbii kwa mwendo mmoja, kwa hiyo kuna tithi ndefu kuliko siku na kuna fupi. Tena haingoji jua. Inaingia saa nne asubuhi, inaingia watu wanakula, inaingia itakavyo. Fikiria kiti changu. Wateja wanakaa na kuinuka muda wowote, lakini siku inachukua jina la yule aliyekutwa kitini jua linapochomoza. Akiwa wa tano, siku nzima ni ya tano, hata kama baada ya chai anainuka na kwenda zake. Wahenga walisema siku njema huonekana asubuhi. Mama angesema siku yoyote.

Sasa shikilia meza. Mama alifariki siku ya sita ya nusu ya giza, na marehemu hukumbukwa kwa tithi yake. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko huu wa maofisini, kwa hiyo siku yake hairudi kwenye tarehe ileile. Tarehe ishirini Oktoba ya mwaka huu haimhusu mama hata kidogo. Yake ni tarehe kumi, Jumatano. Tazama kwenye kisanduku. Kabadilishe ruhusa mapema.

Nami nitawasha taa. Hilo nalo la kuuliza?

Mdogo wako, mwenye wembe


Jumapili, 22 Aprili

Marahaba, mwalimu.

Kumbe sasa wewe ni babu! Hongera. Mpe mjukuu salamu zangu, na umwache na nywele zake, usimfanye tangazo la duka. Hapa ni uzima tu, baridi imeanza kupungua, na mpangaji wa juu amenunua viatu vizito.

Kinyozi hajinyoi, tunajua, lakini kwamba anafundisha nilikuwa sijui. Nimesoma barua yako mara nyingi, kidole kwenye kisanduku. Nimeshaanza kuona. Lakini mwezi uliopita nimekuta jambo: leo ni ya tatu, kesho yake ni ya tano. Ya nne imekwenda wapi? Au waliochapa walikuwa wanasinzia?

Ruhusa nimebadilisha. Msimamizi alinitazama juu ya miwani yake: mama yako alifariki tarehe ishirini au tarehe kumi? Nikamwambia zote mbili. Akaandika kumi, akasema siku ni hiyo moja, hakuna nyingine mpaka mwaka mpya.

Nimeanza kuutafuta mwezi. Nikienda zamu ya asubuhi, ule wa nusu ya giza bado unaonekana juu ya paa la ghala, mweupe, umechelewa kwenda kwao. Huwa nausalimia. Usicheke. Kuna siku hakuna mwingine ninayemsalimia mpaka nirudi kulala.

Ulipiga simu. Nilikuambia usipige.

Dada yako


Jumanne, 5 Juni

Dada, shikamoo.

Wazima, mvua zimekatika, duka limepakwa rangi. Nimekasirika, kwa hiyo acha nianze na hasira, tuimalize.

Nilipanga foleni posta asubuhi nzima nikupigie. Nikakuuliza hali, ukajibu ndiyo. Nikakuuliza siku hizi unakaa na nani, ukajibu ndiyo. Nikakuuliza utarudi lini nyumbani, ukajibu ndiyo, asante, kwaheri. Watu wa foleni wananitazama. Kama hutaki kuzungumza nami, nambie tu, mimi mtu mzima.

Basi. Ile ya nne haikupotea. Ni mteja aliyeingia jua likiwa limeshachomoza, akanyolewa upesi, akatoka kabla ya jua la kesho yake. Alikuwepo, alikaa, alilipa. Ila hakuna macheo yaliyomkuta, kwa hiyo hakuna siku inayobeba jina lake. Na kinyume chake kipo: kuna anayekaa mpaka macheo mawili yakamkuta, akapewa siku mbili.

Cha tatu ni nyumba ya nyota unamolala mwezi. Ziko ishirini na saba, na mwezi unapitia moja karibu kila siku. Mama alisema ni wake zake, na kwamba alimpendelea mmoja, wengine wakashtaki kwa baba yao, ndiyo akalaaniwa awe anapungua. Cha nne kinaitwa yoga, si ile ya kukunja miguu; wanajumlisha mwendo wa jua na mwendo wa mwezi, wanapata jina. Cha tano ni karana, nusu ya tithi. Iko moja mbaya, hiyo usianzie jambo lolote, hata kufungua chupa ya sabuni. Hivyo vitatu mimi mwenyewe nasoma tu, kama mtoto anayekariri. Wakikuuliza zaidi, sema mwalimu wako alikuwa mgonjwa siku hiyo.

Siku hizi kila asubuhi navisoma vyote vitano kwa sauti, hapohapo mama alipokuwa akisimama. Sijui kwa nini nakuambia hili.

Mdogo wako


Jumapili, 15 Julai

Marahaba, mdogo wangu.

Natumaini hasira imeisha na mguu umepungua uvimbe. Kwangu hakuna jipya, ila mpangaji wa juu amehama na mwingine amekuja, naye ana viatu.

Si kwamba sikutaka kuzungumza na wewe. Sikusikia. Nilijua ni wewe kwa sababu jirani aliandika kwenye karatasi, nikashika simu kwa mikono miwili, nikaibana sikioni mpaka likauma, na sikusikia kitu. Ndiyo ni neno salama, huku nalitumia sana. Ni zile mashine, mdogo wangu. Daktari alinionyesha saa yake, kisha akaniwekea sikioni. Nilikuwa nimeona mshale unatembea, nikasubiri mlio, akaitoa. La kulia limekufa, la kushoto linajikongoja. Kiwandani wakati wa chakula wenzangu wanacheka, nami nacheka nikiona wamecheka, na kila mara nachelewa kidogo.

Sikukuambia kwa sababu ungesema nirudi. Nikirudi niwe mzigo wa nani? Wewe una mke, una binti, sasa una mjukuu, nyumba imejaa. Hapo kiziwi atakaa wapi? Kwenye kona, anasema ndiyo.

Ile tithi isiyokutwa na macheo yoyote, nimeifikiria wiki nzima. Alikuwepo, alikaa, alilipa. Nimelia nayo, nikajiona mjinga.

Halafu, barua yako haikuwa na salamu za wifi. Nimemkosea nini?

Tarehe kumi Oktoba nimeizungushia kalamu nyekundu. Nimenunua taa ndogo ya mafuta na utambi. Hiyo ndiyo siku pekee mwaka huu ninayoingoja, kwa sababu siku hiyo tutakuwa wawili.

Dada yako


Jumanne, 28 Agosti

Dada yangu, shikamoo.

Barua yako niliifungua dukani, mteja ana sabuni usoni, ikamkaukia. Nisamehe kwa yale ya simu. Nimekumbuka sasa ulivyokuwa ukipaza sauti, nikadhani unanifokea. Nilirudi nyumbani siku ile nimenuna, nikaifungulia redio kelele zote. Ningejua!

Wifi yako hujamkosea kitu. Hayupo. Alikwenda kwa binti kumlea mjukuu, akaniaga kwa wiki mbili. Sasa anasema kule kuna upepo, kuna ukumbi mpana, na chai haina nywele. Hatukugombana, ukitaka kujua. Ananitumia salamu na ananiuliza kama nakula. Mwezi una wake ishirini na saba, mimi mmoja tu ameniponyoka. Kwa hiyo ile nyumba iliyojaa, Dada, ndani yake niko mimi. Chumba cha mama nimekifunga, kwa sababu ukipita ukaona mlango wazi unataka kumuuliza mtu kitu. Sikukuambia kwa sababu uko mbali na huna la kufanya.

Lile swali la utarudi lini halikusikika kwenye simu. Basi sasa liko kwenye karatasi.

Na kuna jambo la siku. Nilikwenda hekaluni kumuuliza kuhani utaratibu wa kufunga, ili uwe nao kamili. Akaniuliza unakaa wapi. Nikamwambia. Akajipiga paji la uso. Ile kalenda imepigiwa hesabu kwa macheo ya kwetu, na mimi, mwalimu wako, sikulifikiria hilo hata siku moja. Jua la kwenu linachomoza saa nyingi baada ya letu. Sasa sikiliza. Jumanne tarehe tisa, kwetu jua likitoka, kitini yuko wa tano. Wa sita anaingia baadaye asubuhi, ndiyo maana kwetu siku ya mama ni Jumatano. Lakini kwenu, jua linapokuja kuchomoza Jumanne hiyohiyo, wa sita ameshakaa. Na Jumatano macheo yenu yatakuta ameinuka. Siku yako ni Jumanne, Dada. Mwezi ni mmoja na jua ni moja, lakini macheo kila mtu ana yake.

Nikamuuliza kama tunaweza kuwasha siku zote mbili, kila mtu, yaishe. Akasema marehemu haitwi mara mbili, atadhani tunabahatisha. Kabadilishe ruhusa tena. Ukae siku iliyo sahihi, nami niikae yangu.

Mdogo wako


Jumapili, 23 Septemba

Marahaba, Kinyozi.

Barua yako imefika Jumatatu. Nimeisoma nimesimama mlangoni na mfuko wa viazi mkononi. Pole kwa upweke wa nyumba. Wewe uliyekuwa ukilala katikati kwa kuogopa giza! Na usimlaumu wifi, mjukuu ana harufu inayomfunga mtu. Lile swali la kwenye karatasi nimeliona. Niache nalo kidogo.

Nilimwendea msimamizi. Akaweka kalamu chini. Mama yako, akasema, ana tarehe nyingi kuliko kiwanda. Hata hivyo akafuta kumi, akaandika tisa. Nilirudi chumbani nikakaa chini ya kalenda mpaka chakula kikapoa. Kesho yake nimekwenda kumwomba airudishe kumi. Sitakuandikia alichosema.

Kuhani wako ana haki. Hesabu nimeielewa, mwanafunzi wako si mjinga. Lakini mimi tangu Februari sikukuomba siku sahihi. Nilikuomba siku ambayo na wewe umekaa. Nikikaa Jumanne nitakuwa nimekaa na hesabu. Mama alikuwa akiniacha nidanganye kwenye karata kwa sababu nalia nikishindwa. Hatanifukuza kwa macheo. Mimi nitakaa Jumatano, na wewe.

Dada yako, mkaidi


Jumanne, 25 Septemba

Dada, shikamoo.

Mzima. Kutoka kwako kimya, na siku zinakuja mbio. Sijui kama barua yangu ya Agosti imekufikia, lakini najua ikikufikia utafanya nini. Utakunja uso, kisha utatii. Kati yetu wawili, aliyewasumbua makuhani ni mimi.

Kwa hiyo Jumanne utakuwa umekaa, katika kile chumba cha kutazama ukuta, huna wa kukaa naye, kwa sababu mimi nimekufuatisha macheo ya huko. Nimejaribu kulilalia jambo hili, limekataa kulaliwa. Nitakaa Jumanne na wewe. Kwetu ni makosa, wa sita atakuwa hajafika kitini. Nimemwambia kuhani, ametikisa kichwa mpaka nikamhurumia shingo. Wala usianze kusema ni kwa sababu Jumanne sina wateja.

Barua hii ikiwahi, utajua. Isipowahi nitakuwa nimekaa vilevile.

Mdogo wako


Jumatano, 10 Oktoba

Mdogo wangu,

Leo sina salamu ndefu. Sijala tangu jana jioni.

Niliamka mapema nikapanda juu ya paa, mlinzi wa jengo akanifungulia mlango bila kuuliza. Mwezi ulikuwa juu, umemegwa upande. Nimesoma vyote vitano kwa sauti, sijui kama nilipaza au nilinong'ona. Mlinzi aligeuka kunitazama, kwa hiyo nadhani nilipaza. Kisha nimeshuka, nimewasha taa, nimeiweka mezani, na kando yake nimeweka kiti kingine. Nimekiazima kwa mpangaji mpya wa juu.

Nimemwambia mama habari zako zote, pamoja na za wifi. Nimemwambia: tazama, wote wawili tumekaa. Nimekuona kabisa, umekaa sakafuni pale jikoni, mgongo ukutani, mguu wako mbovu umeunyoosha. Sijawahi kuwa na siku kama hii tangu nije huku. Leo siko peke yangu hata kidogo.

Taa bado inawaka. Naandika kwa mwanga wake.

Dada yako


Jumanne, 6 Novemba

Dada, shikamoo.

Nimeandika barua hii mara tatu nikaichana.

Yako ya Septemba ilinifikia Ijumaa, siku mbili baada ya wewe kukaa. Niliisoma nikakaa kwenye kiti cha wateja, mwenyewe, nikajitazama kwenye kioo. Ya tarehe kumi imefika wiki iliyopita. Kama ile yangu ya Septemba nayo imekufikia, unajua tayari. Mimi nilikaa Jumanne.

Nilifunga duka, nikafunga mlango wa mbele, nikakaa pale jikoni ulipodhani. Umepatia yote, Dada, mpaka mguu. Ulikosea siku tu. Nilimwambia mama: Dada naye yuko huko, amekaa sasa hivi, usimwache. Taa ilipozimika nilifungua chumba chake nikalala juu ya godoro tupu. Kisha Jumatano, wewe ukiwa juu ya paa unatusomea sote wawili, mimi nilikuwa nanyoa ndevu za karani wa posta na kubishana naye juu ya mpira.

Hilo linaniuma kuliko yote. Nilikuwa nacheka.

Mdogo wako


Jumapili, 2 Desemba

Marahaba, mdogo wangu.

Natumaini u mzima na unakula. Yako ya Septemba ilinifikia wiki moja baada ya ile siku. Niliikunja nikaiweka chini ya mto, kila nikigeuka naisikia karatasi kwa shavu. Nilikuwa na hasira na wewe, na mwezi, na posta. Kwa siku moja nilikuwa na mtu, kisha nikaambiwa hakuwepo.

Jana imekuja hii ya karani na mpira, na nimecheka. Nimecheka mpaka mpangaji wa juu akagonga sakafu yake. Sauti sikuisikia, vumbi ndilo liliniangukia. Wazee wawili wazima! Mmoja mkaidi, mwingine mjuaji, na wote wawili tumemkosea mama adabu kwa sababu ya kupendana. Naona hata yeye amecheka.

Sasa nisikilize, maana nimelichukua lile swali lako. Mwaka ujao sitaki tupatie. Nimechoka kupatia. Nataka tukosee pamoja, jikoni, chini ya macheo mamoja. Msimamizi nimemwambia naacha kazi. Aliuliza tarehe, nikamwambia nasubiri barua, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Sitasikia unaponiita. Utachoka kupaza sauti, na utakasirika, nakujua. Fikiria vizuri kabla hujajibu. Ukiona haiwezekani, andika hivyohivyo, nami nitabaki na taa yangu.

Ukiona inawezekana, tazama kalenda mpya, ya macheo ya kwetu, unichagulie siku njema ya kusafiri. Anza na siku ya juma, uje kwenye tithi, iwe ya nusu ya mwangaza, na nyumba ya mwezi iwe ya heri, na vile viwili vya mwisho unavyokariri. Usiniangushie kwenye ile karana mbaya. Nimekaa huku muda mrefu, naogopa njia. Sitaki nianze vibaya.

Dada yako


Jumanne, 8 Januari

Dada yangu, shikamoo.

Barua yako imefika wiki iliyopita, imezunguka huko mpaka bahasha imechanika pembe. Wifi yako amekuja kwa siku tatu na mjukuu, nikamsomea. Akatoa godoro la mama juani kabla sijamaliza. Ameosha pazia, amerudi kwa binti, ameacha maagizo.

Kuhusu kupaza sauti, usinitishe. Kinyozi anaongea na watu wanaomwona kwenye kioo. Nitakukalisha mbele yangu, utanisoma midomo, na nisipoeleweka nitaandika ukutani.

Kuhusu siku njema, nimefanya kama ulivyoagiza. Leo duka halina mtu, nimekaa na kalenda mpya tangu asubuhi, kalamu mkononi. Nimepitia siku ya juma, nimepitia tithi, nimepitia nyumba za mwezi. Njema zipo, tena nyingi. Lakini kila niliyoipata nilikuta iko mbali.

Nimeifunga kalenda. Njoo siku yoyote.

Mdogo wako